Thumuni

Mazoezi ni saa moja jioni; wao husema saba.
Miaka kumi na miwili Todmorden
na bado natoa sita kichwani kabla ya kufunga mlango.

Ukumbi wa bendi uko nyuma ya stesheni ya treni,
unanuka mafuta ya vali na makoti yaliyolowa.
Nimekabidhiwa pembe ya shaba yenye kidonda ubavuni
na karatasi iliyojaa viluwiluwi.

Mwanzoni mwa mstari, tatu juu ya nne.
"Robo tatu," nikasema, kama mtu anayeagiza sukari.
Bi Hester Ollerenshaw akatikisa kijiti:
si sehemu hiyo, haina mstari katikati, tazama.
Ya juu yakwambia mangapi.
Ya chini yakwambia ya nini.

Nilipokuwa msichana Muheza nilituma mashairi gazetini,
nane kwa nane, vidole vikihesabu chini ya dawati;
basi usiku ule, njiani kurudi, nikajitungia dawa ya kukumbuka:

    Nota nzima ni duara, hesabu nne hukaa,
    Nusu fimbo waichora, mbili hizo yazitwaa,
    Robo nyeusi yang'ara, moja tu kisha hupaa,
    Thumuni na kibendera, nusu ya pigo, balaa!

Nikausoma tena ubeti, nikaona palipovuja.
Mizani yangu yote ina uzito mmoja:
"ba" ya balaa haikai kitako kuliko "la".
Huku silabi moja hulala mapigo manne, imejifunika shuka,
na nyingine nne hugombea kiti kimoja.

Na nukta nayo.
Chuoni nukta moja ilitenganisha ra na za.
Hapa inakaa ubavuni mwa nota na kuiongezea nusu yake,
kama muuza nyama akishapima
anayetupia kipande cha juu.

Sita juu ya nane ndiyo iliyonitoa jasho.
Thumuni sita. Tatu juu ya nne nayo, thumuni sita.
Sasa?
Maisie Greenwood, miaka kumi na minne, jirani yangu wa kulia,
akanipigia gotini kwake mara mbili, kisha mara tatu,
akaniangalia kama nimekwisha kuelewa.

Sikuelewa mpaka alfajiri, kiwandani kwa mikate,
trei mbele yangu, skonzi sita:
safu mbili, tatu tatu.
Nikazisogeza.
Safu tatu, mbili mbili.
Skonzi zilezile!
Msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Desemba tukapiga sokoni, glavu zimekatwa ncha.
Ukurasa wa pili niliandikiwa kimya, vipimo kumi na saba.
Kumi na sita nilivihesabu, Mungu shahidi.
Kisha mtoto akaangusha chungwa, likabingirika hadi miguuni kwangu,
nami nikaingia.
Pembe yangu peke yake, juu ya jibini na soksi za sufu,
mlio mzima, mnene, usio na haya.
Clifford wa besi aligeuka, akanyanyua nyusi, akarudi kwake.

Bi Hester hakunikaripia.
Alichukua penseli na juu ya kipimo cha kumi na saba
akachora miwani.

Jumapili humpigia dada yangu Mwanakombo.
Sauti yangu huchelewa kufika, yake huchelewa kurudi,
na miaka yote tumegongana katikati:
sema wewe; hapana, sema wewe.
Siku hizi namaliza sentensi yangu
na kutikisa kidole gumba cha mguu ndani ya soksi,
moja, mbili,
tatu,

"Mbona umenyamaza?" anauliza. "Kuna nini huko?"
Hakuna kitu, dada. Nilikuwa nahesabu.