Springi ya Njano

Mihayo amezipanga kwenye kigae cha sahani:
nyekundu ngumu, bluu ya wastani,
njano laini kama ufizi wa mtoto.

Saruji ya uwanja, hapa Cheyo, ina mpasuko
kona ya pili. Jana kigari kilikuwa kigumu,
kikaruka kama bisi.

"Njano weka nyuma," namwambia.
Hajibu. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa;
kwao hubonyeza kwanza, husema baadaye.
Anabonyeza kwa kidole kimoja:
kinashuka, kinapanda,
kinatulia.

Njano mbele, basi. Nyuma bluu.
Anavuta kifyatuo cha rimoti.

Mpasukoni, kigari kinapita kimya,
kimeinama kidogo,
kama mimi mlangoni pa duka la Ngasa
tarehe ishirini na nane.