Ndege Watatu kwenye Karatasi

Siku ya kwanza tulipanda na giza,
mimi, Muhenna, na Badar na filimbi yake mpya
aliyoinunua Dubai, ya plastiki, ina dhamana ya mwaka mmoja.
Kibali mfukoni, kimegongwa mhuri: kwale watatu, si zaidi.
Chini kwenye matuta mawaridi yameanza kufunguka,
wachumaji washaamka, tunazisikia ndoo zao.
Kimya kingi kina mshindo, wasema.
Kimya chetu kilikuwa na chafya ya Badar.
Akapuliza. Jabali likamrudishia filimbi yake mwenyewe.
Akapuliza tena. Mbuzi mmoja akatoka kutazama.

Shangazi Zuweina tulimwacha garini, kando ya barabara.
Goti lake halipandi mawe tena.
Zamani yeye ndiye aliyekuwa mwito wetu:
vidole viwili mdomoni, shavu moja limejaa pumzi,
na jogoo wa kwale, kichwa cheusi, utepe mweupe,
huja mbio kama anayedai deni.
Mwaka huu tumemfungia chupa ya chai,
mkate wa mofa, redio, blanketi.
"Nendeni," alisema. "Mimi nitalinda gari."
Nani wa kuiba gari huko juu?

Siku ya pili
tumelala kifudifudi, changarawe zimetuandika viwikoni,
ndipo tukamsikia, ng'ambo ya korongo:
kwa-kwa-kwa-kwa, chwaa.
Badar akainua filimbi. Muhenna akamkamata mkono.
Akatokea juu ya mwamba, kifua mbele,
miguu myekundu kama wa harusi ya jana,
akatutazama, au alitazama tulipo,
kisha akatupita.
Kwa miguu. Bila haraka. Upande usio na bunduki,
akiteremka.
Simu ikanitetemekea tumboni.
"Mko wapi nyie? Mtu wenu huyu yupo juu ya boneti."

Redio ilimchosha, alitueleza.
Aliita mara moja tu, kujaribu
kama meno ya bandia yanaruhusu.

Siku ya tatu hakuna aliyepanda.
Nilikaa vumbini, mgongo kwenye tairi,
bunduki magotini, na juu yangu, dirishani,
pumzi ya Shangazi inanukia iliki.
Filimbi haiiti vile. Aliita kama mtu aliyeingiwa na wivu,
mwanzo taratibu, halafu maneno yanapandana,
halafu ananyamaza, ananyamaza mno,
mpaka mimi mwenyewe nikataka kumjibu.
Akaja.
Nilizisikia kucha zake kwenye changarawe kabla sijamwona.
Sikuwaza kitu. Nilifyatua.

Njia nzima ya kuteremka Shangazi kimya,
kona baada ya kona, ndege miguuni pake ndani ya gazeti.
Tulipofika Birkat al-Mauz ndipo akasema:
"Alikuja kupigana, maskini. Alidhani nimemvamia mtaani kwake.
Hakujua ni bibi wa miaka sabini na nne, ana kisukari."
Muhenna akacheka. Akaona anacheka peke yake.

Usiku alimpika mwenyewe, kwa bizari na nazi ya kopo,
akatugawia vipande vidogo vidogo juu ya wali;
kwale mmoja kwa watu sita ni ugomvi, si kitoweo.
Katikati ya tonge akasita,
akatoa ulimini chembe ya marisau,
akaiweka ukingoni mwa kisahani. Ikalia.
Hakuna aliyeiangalia kwa muda mrefu.
Badar akauliza tutarudi lini,
ndege wawili bado wamo kwenye karatasi.

Hakumjibu. Aliinuka, goti likalalama, akakusanya sahani.
Jikoni maji yakafunguliwa,
na kupitia maji nikamsikia akiita, mara moja,
kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu ufunguo
kwenye mlango aliokwisha kuuhama.
Friji ikanguruma.
Nasi mezani, wali mdomoni,
tuliacha kutafuna, tukisikiliza.