Kuliachisha Boila Mahindi

Boila letu halikuzaliwa boila.
Lilikuwa tangi la dizeli la kiwanda cha mbao,
baba akalinunua kwa bei ya chuma chakavu, hapa hapa Elburgon,
akalichomelea miguu minne na mdomo,
akalilisha mahindi.

Si mahindi ya ugali, alituapia.
Ni yale ya ghala lililovuja,
yenye ukijani mbaya kwenye kiini,
yaliyokataliwa na mnunuzi, na kuku,
na hata nguruwe wa Gathumbi.
"Kisicholika," akasema, "kitupashe joto."

Na kweli, Julai, ukungu unapokaa hadi saa nne,
maji yalipita mabombani yakiguna
na vyumba vitatu vikasahau baridi.
Nyanya Tabutany alivua soksi moja, kwa kujaribu,
kisha ya pili.

Lakini mahindi, hata yaliyooza,
yakiungua hunukia mahindi.
Hilo baba hakulipigia hesabu.
Watoto wa Sigilai walikuja wakasimama uani,
wakavuta pumzi, wakameza mate,
wakauliza kama tunachoma mabichi.
Mama akawajibu hapana
kwa sauti ya mtu aliyeficha kitu.

Baba akatutoka. Mwaka uliofuata mvua ikakata mguu,
gorogoro ikapanda bei mara mbili kwa wiki tatu,
na usiku mmoja nikamkuta mama na tochi,
mkono ndani ya faneli hadi kiwiko,
anachagua.
Nzima huku. Za kuvu kule.
Hakugeuka. "Humu ndani," alisema,
"kuna chakula cha mtu."

Nikamwita fundi Mbogori,
mtu anayeongea na chuma kuliko anavyoongea na watu.
Alichungulia, akagonga, akasikiliza.
Akatoa jiwe jeusi, linang'aa kama chupa,
ukubwa wa ngumi ya mtoto.
"Jivu la mahindi. Huyeyuka, likaganda hivi."
Akang'oa mkono wa kukorogea, uliokuwa ukiyavunja mawe hayo,
akaulaza kwenye nyasi: "Huyu amestaafu."
Akapunguza mwendo wa parafujo,
akaziba nusu ya tundu la hewa kwa kifuniko cha kopo la rangi,
akakikata, akakipima kwa jicho, akakikata tena.

Vumbi la mbao hatukunyimwa.
Misumeno ya mji huu huamka kabla ya jogoo,
na kule karibu na reli kuna vijana wenye mashine
inayolikamua vumbi la msonobari hadi likawa vitembe,
virefu kama ukucha, vikavu,
vinavyolia guniani kama mvua ya mbali.

Siku ya kwanza boila lilikataa.
Likakohoa, likatema moshi wa manjano, likazima.
Kama mtoto aliyekuta shubiri kwenye ziwa
likageuza uso.
Siku ya pili liliwaka saa moja tu.
Ya tatu, Mbogori akafungua kidirisha:
mwali mfupi, mweupe, umetulia.
Hakusema neno. Alijipangusa mikono kwenye suruali
akaomba chai.

Sasa jivu ni unga, kikombe kimoja kwa siku mbili;
nyanya hulimwaga kwenye sukuma.
Nyumba inanuka karakana, inanuka ubao mpya,
na mgeni mmoja akasema inanuka jeneza.
Sikumjibu.
La baba lilikuwa la msonobari.

Watoto wa Sigilai waliacha kuja.
Basi Jumamosi mama hununua hindi moja bichi,
hulilaza juu ya kifuniko cha chuma,
huketi kulingoja.
Haliivi vizuri pale; hukauka upande mmoja.
Hulikata vipande vinne hata hivyo,
husimama mlangoni,
akawaita mmoja mmoja kwa majina.