Mfua Bendeji wa Colón

Kwenye benchi la nje, chini ya kibao kilicholiwa na chumvi,
wanaume wanabishana tangu saa nne:
nani bingwa wa kweli, nani wa kubahatisha.
Mmoja anahesabu mikanda, mwingine waliozimishwa,
na Hermógenes ana daftari
ambamo kila jina lina namba, kama ng'ombe wa mnada.
Mimi hawaniulizi.
Mimi ni Eudocia wa beseni,
miaka thelathini na mmoja nafua bendeji za mikono
za wavulana wa jimu hii.

Kitambaa hakijui kumsifu mtu.
Kinasema tu kilipoguswa.

Bendeji za wengi ni ramani ya waliopotea:
doa kwenye dole gumba, doa kwenye kiwiko cha kiganja,
damu imetapakaa kama mchuzi
kwenye nguo ya mtoto anayejifunza kula.
Nguvu wanazo, sikatai. Hata nyundo inayo,
muulize msumari uliopinda.

Za Leovigildo Archibold zilinifanya nizime redio.
Juu ya vifundo viwili, cha shahada na cha kati,
doa moja, punje ya buni.
Jumatatu pale,
Alhamisi pale,
msimu wa mvua pale, Krismasi pale pale.
Nikadhani hajitumi.
Nikajifuta povu, nikaenda kumtazama.

Alikuwa na Rutilio wa Chitré, mabega kama friji.
Rutilio akarusha konde la kuvunja mlango,
konde likafika, likabisha,
mwenye nyumba hayupo.
Hakukimbia. Alisogea nusu wayo,
kama anayempisha mtu kanisani,
na kutoka hapo hapo alipokuwa hayupo
akatuma mkono wa kushoto, bila hasira,
ukatua, ukarudi kwao kabla hajaitwa.
Kelele hakuna. Rutilio akakaa chini
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Nikarudi kwenye beseni. Maji yalikuwa yamepoa.

Kisha Osaka. Raundi kumi na mbili za mkanda,
na waamuzi wakampa mwingine, kwa pointi moja.
Benchi likafunga kesi siku hiyo hiyo:
wakubwa hawapotezi usiku mkubwa.
Hermógenes akachovya kalamu, akapiga mstari.

Shashi za pambano hukatwa kwa mkasi, hutupwa.
Yeye alizirudisha kwenye mfuko wa nailoni,
akaniwekea juu ya kikapu bila neno,
mkono wa kulia ukining'inia kwenye kitambaa cha shingoni.
Nikazitandaza mezani, jikoni kwangu.

Ya kushoto: punje ya buni,
imechimbika hadi nyuzi zimebaki tatu.
Ya kulia: doa hafifu, la mwanzo mwanzo tu,
na shashi imetanuka, imevutwa kutoka ndani
na mfupa uliokuwa unavimba.

Nikahesabu kama ninavyohesabu soksi.
Ulivunjika raundi ya tatu, labda ya nne.
Raundi nane, basi, mkono mmoja ulifanya kazi
na mwenzake ulisema uongo:
aliuinua, akautikisa, akauonyesha kama bili ya umeme,
na yule wa Osaka, macho mawili, walimu wanne kwenye kona,
akaukwepa usiku kucha.
Hakuna aliyejua.
Hata benchi halijui mpaka leo.

Hiyo sikuifua.

Leo kaja mtoto wa Yamileth, miaka kumi na mmoja,
kanitupia bendeji zake zimelowa, kifua mbele,
anataka niseme.
Nimezigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
"Dole gumba lako lina mdomo," nimemwambia.
"Na miguu?"
"Miguu imefanyaje?"
"Ndiyo nakuuliza."

Amesimama hapo, anatazama viatu vyake.
Nje, Hermógenes anataja namba saba.