Namba ya Usiku

Fomu yangu ina mstari, sifuri mpaka kumi,
na Bi Mwanatumu ana jibu moja.
Waumwaje leo, Bi?
Alhamdulillahi.
Na jana?
Alhamdulillahi.

Miezi minne napanda ngazi za nyumba hii ya Langoni,
mkoba begani, viatu mkononi,
mpaka nimejifunza kuzisikiliza moja moja.
Iko inayotoka na pumzi, ndefu, ya mtu aliyelala.
Iko inayokatika katikati, mgonjwa kageuka ubavu.
Iko kavu, ya haraka, ya kurudisha mlango
mgeni asione nyumba haijafagiwa.
Leo ilikuwa hiyo kavu.

Nikazunguka nyuma.
Wapi? Akaonyesha nyonga, kisha mgongo,
kidole kikapita mahali pa titi bila kusimama.
Yatembea? Yatembea.
Yachoma, yakata, yavuta?
"Waijua sindano ya kofia ikikosa tundu?"

Kofia yenyewe ilikuwa mapajani.
Juma lililopita alishona vitundu kumi na vinne kutwa.
Vya leo nilivihesabu: vitatu,
na cha tatu kimepinda.
Fomu haina pa kuandika vitundu.
Niliandika pembeni.

Arafa, bintiye, alisimama mlangoni, funguo kiunoni.
"Mbili," akasema. "Leo ni mbili tu. Sivyo, mama?"
Mama akaitabasamu ile mbili.

Nikaomba chupa ya mofini.
Kabati likafunguliwa, kufuli mbili.
Jumatatu nilichora mstari wa kalamu kwenye lebo
nikiogopa nisichokitaja,
Arafa akijua fika nisichokitaja:
kaka yake Shebwana, miaka tisa ya unga,
anayelala mchana,
anayehesabiwa vijiko akipita jikoni.
Nikaiinua chupa dirishani.
Dawa ilikuwa pale pale kwenye wino.
Haikupungua hata tone.

Nilikuja nimejiandaa kwa upungufu.
Upungufu nina maneno yake.
Haya sikuwa nayo.

"Hanywi," ikasema sauti ya ngazini.
Shebwana, shuka begani, macho ya mtu asiyelala.
"Nyinyi hulala, Sista Kadzo. Mimi sina usingizi.
Saa nane anaanza kuuma taya.
Saa tisa vidole viko kwenye kamba za kitanda,
anazisokota kama anataka kuzifungua.
Mimi naujua mwili unaotaka kitu
na mdomo umekataa kuomba.
Andika tisa.
Karibu na adhana, andika kumi."

Hakuna aliyempinga.
Hakuna aliyemtazama pia.

Nikamtuma Arafa chai, nikaketi ukingoni mwa kitanda,
nikauliza lisilokuwa kwenye karatasi.
Kwa nini, Bi?
Akavuta uzi. Akaukata kwa meno.
"Kula nikitaka ufunguo,
mato yote humwendea mwanangu."

Basi nikaandika tisa, usiku.
Nikaandika nyonga, mgongo, hunywa hewa.
Nikafika palipoulizwa Kinachozidisha maumivu,
na wenye fomu wamenipa mifano:
kutembea, kukohoa, kulala chali.
Nikaandika: kufuli.

Nikapima kipimo, akanywa, akakunja uso kwa uchungu wa dawa,
akaniuliza hata sukari hamtii?
Arafa akarudi na sinia.
Ya saa nane, nikasema, nani atampa?
Vikombe vikagongana.
Nikachora mstari mpya kwenye lebo,
na sijui mwongozo unasemaje hapa,
kalamu nikamkabidhi Shebwana.
Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga.
Arafa alimtazama, na safari hii
aliangalia uso, si mikono.
Ufunguo hakuutoa. Hakuushika pia.

Nikashuka.
Kwenye ngazi ya nne nikaisikia nyuma yangu,
Alhamdulillahi,
ndefu, ya kutoka na pumzi.
Nikatazama saa.
Dakika sita.
Dawa ilikuwa bado haijafika popote.