Lumbesa ya Angani

Saa tisa usiku, Kibaigwa, soko limelala juu ya magunia.
Mashine ya kukamua imezimwa, bado inanuka joto.
Nyuma ya risiti ya mizani nimepiga mstari katikati:
kulia faida, kushoto hasara.
Ndege ndogo. Viti sita, injini mbili, imetumika miaka kumi na mmoja.
Dalali amenitumia picha: nyeupe, ina tumbo la samaki,
na viti vya ngozi ambavyo hakuna aliyewahi kuvitapikia.

Naanza kulia, maana upande huo ndio mtamu.
Mwanza kwa chai, Dar kwa chakula cha mchana,
jioni nyumbani, viatu bado vina rangi yake.
Foleni ya malori pale Gairo naiona kutoka juu kama siafu.
Meneja wa benki anasimama nikiingia.
Na Mbeleje, dada yangu, asingefia barabarani,
kichwa mapajani mwangu,
dripu imening'inia kwenye kishikio cha mlango.

Hapo kalamu imesimama.
Ndege ya namna hii haitui uwanja wa mpira wa shule.
Inataka lami ndefu, inataka Dodoma mjini,
na Mbeleje alikata roho Buigiri, mjini hajafika.
Ndege ingekuwa imeegeshwa huko, imeoshwa, ikimsubiri.
Nimemfuta upande wa kulia.
Karatasi imetoboka.

Kushoto sasa. Bei ni gunia, na gunia mimi nalijua.
Lakini juu ya gunia imeshonewa lumbesa:
rubani, anayekula mshahara akiwa amekaa
kama dume la mbegu;
rubani wa pili, maana wa kwanza naye huugua;
banda, bima, ukaguzi,
fundi wa kutoka Nairobi, na hoteli ya fundi, na bia ya fundi;
matairi yasiyouzwa Majengo;
na vumbi letu jekundu, linaloingia hata ndani ya yai.
Saa moja hewani: madumu arobaini ya mafuta ya alizeti.
Nimepiga hesabu mara tatu nikitafuta kosa.
Dalali hakuyataja haya. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.

Na treni ya umeme ipo,
tiketi bei ya kuku wawili wa kienyeji.

Sisi Wagogo tuna mji mzima uliopewa jina la kuzama:
tembo alishuka kunywa maji, hakupanda tena.
Yule angalau alikuwa mzito kwa shibe,
si kwa mkopo.

Nimepima vitu maisha yangu yote.
Najua mpimaji anavyoegemeza goti kwenye sahani,
taratibu, huku akimuuliza mkulima habari za watoto.
Usiku huu naiona karatasi inalalia kulia,
kulia kusikobakia na kitu ila viatu na meneja wa benki,
na najiuliza: goti la nani hili?

Sechelela amekuja na kanga begani,
amesoma bila miwani, yaani hakusoma.
"Nani anakusubiri," kasema, "huko unakotaka kuwahi?"
Akazima feni, akaenda zake.
Nimetafuta jina la kumjibu. Nimepata ya wadeni wangu tu.

Alfajiri kaja kijana wa Pandambili,
punda wawili, magunia manne, soksi hazifanani.
Gunia la kwanza limetikisika, likatulia:
sabini na moja na nusu.
Siku zote hapa tumeandika sabini.
Simu ya dalali inaita, inatembea yenyewe mezani kwa mtetemo,
inakaribia ukingo.
Nimeandika sabini na moja na nusu.

Picha sijaifuta.