Kuna Ndizi Humu

Julai, Chekereni. Baridi imeshuka toka mlimani
bila hodi, na Bi Sachie amefika na chupa ya sake
kaifunga kitambaani, mafundo mawili,
kama abebaye mtoto wa watu.
Baba yake aliwahi kupima mifereji hapa.
Mama anamkumbuka kwa kofia, na kwa alivyoogopa pilipili.

Chupa tunaizamisha kwenye ndoo ya maji ya mfereji.
Tunasubiri.
Mama anakigeuza kikombe, anachungulia kitako:
"Hiki cha kupimia dawa?"
Yeye ni mpika mbege. Kwake kinywaji huanza na kata,
na kata huanza na mwenyeji:
aonje kwanza, watu waone hajafa.

Kwao, asema mgeni, mtu hajimiminii mwenyewe.
Basi tunakaa,
kila mmoja anangoja mkono wa mwenzake.

Mimi ni mtu wa mashine ya kukoboa. Nauliza mchele.
"Tunausugua mpaka ibaki nusu ya punje."
Nusu!
Namwona kaka Elinami, mwaka ule wa ukame,
kalala na jembe juu ya lango la mfereji
zamu yetu isiibwe. Na chenga tulikula.
Nanyamaza. Mgeni ameona. Ananimiminia.

"Kisha tunaunyunyizia ukungu."
Mama anaonyesha Kibo, kulikofunikwa: "Ule?"
"Hapana. Wa mkate uliosahauliwa."
Mama anacheka mpaka anashika goti.
Miaka arobaini na mitatu anachemsha ndizi, anaotesha ulezi,
ukungu hajawahi kuukaribisha kwa heshima.

Kisha ananusa. Kicheko kinakatika.
"Kuna ndizi humu."
"Hapana, mama. Mchele, maji, ukungu. Basi."
"Ndizi. Mbivu, ya jana. Pua yangu haiulizwi."

Nami naonja: ubaridi kwanza,
utamu unaopita bila kuaga,
halafu, nyuma kabisa ya ulimi, mgomba.

Bi Sachie amekishika kikombe kwa mikono miwili, hanywi.
"Baba, uzeeni, alikuwa akinusa hii
anasema: Moshi. Tukadhani akili imemtoka."

Hatujui tuseme nini.
Kuku anapita chini ya meza.

"Mgema akisifiwa," naanza, kuokoa jahazi.
"Sisi maji tunatia kabla ya kusifiwa," asema,
na kweli, hutia, kuipunguza ukali.

Mama hayupo kwenye mzaha. Amekinyoosha kikombe kijazwe,
uso umekunjamana kama mtu anayepiga hesabu ya gunia:
"Na ile nusu nyingine ya punje,
mnampa nani?"